Kipande nilichokipenda kuliko vyote kina gundi

Shikamoo Mzee,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na leo nami nina la kukuuliza. Nina kazi yangu, na kwa miaka kadhaa sasa fedha inayobaki baada ya mahitaji ya nyumbani huwa inaishia kwenye mawe. Simaanishi mawe ya kuvaa. Pete na mikufu havijawahi kunivutia. Ninachopenda ni fuwele zilivyotoka ardhini, zikiwa bado zimekaa kwenye mwamba wake. Nilianza na vipande vidogo vya amethisti na piriti, kidogo kidogo nikajikuta nina kabati zima.

Mwaka huu nilijikaza nikanunua kipande kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo: mchemraba wa floriti ya kijani wenye upana wa sentimeta 4 hivi, umesimama katikati ya fuwele nyeupe za kwatzi. Lebo inasema kimetoka Yaogangxian, Uchina. Muuzaji nilimpata mtandaoni na nimeshanunua kwake mara nyingi bila tatizo. Kabla ya kulipa nilimuuliza kama kipande kimefanyiwa marekebisho yoyote. Akanijibu kwa maandishi: "Hapana, hivyo ndivyo kilivyotoka."

Juzi nilikuwa najaribu tochi mpya ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, nikakimulika. Floriti yenyewe iling'aa buluu hafifu, lakini pale inapokutana na kwatzi ukatokea mstari mweupe kama maziwa, umeizunguka karibu pande zote. Nikachukua lenzi. Nikaona vipovu vya hewa, na chembe za mwamba uliosagwa zimenyunyizwa juu ya kitu kinachofanana na plastiki. Fuwele za kwatzi zilizo jirani haziigusi floriti kabisa.

Nikamwandikia. Alikawia kujibu, kisha akasema hayo ni matengenezo ya kawaida, kila mkusanyaji mkubwa anavyo vipande vya aina hiyo, na kwamba atanipunguzia bei nitakaponunua tena.

Mzee, naona aibu. Rafiki yangu tuliyeanza naye kukusanya ananishauri ninyamaze, nikiuze kwa mtu mwingine bila kutaja gundi, kisha niuze na vile vidogo vyote ninunue kimoja cha maana. Mume wangu anauliza kama haya mawe ni akiba au ni starehe, na sikuwa na jibu la kumpa. Juu ya hayo, tulipohama nyumba lebo zangu nyingi nilizitia kwenye bahasha moja, na sasa sijui ipi ni ya jiwe lipi. Na amethisti niliyokuwa nimeiweka dirishani imepauka.

Nishauri.

Binti wa Kabati la Mawe

* * *

Marahaba, binti yangu.

Kirudishe. Nakuambia hivyo mwanzoni kabisa ili usome yanayofuata ukiwa umetulia. Na aibu hiyo si yako. Uliuliza swali sahihi, kwa maandishi, kabla ya kulipa, ukapewa jibu la uongo. Hakuna mkusanyaji ambaye angefanya zaidi ya hapo akiwa mbele ya picha tu.

Muuzaji wako ametumia neno "matengenezo" kufunika mambo ambayo hayafanani hata kidogo, kwa hiyo tuyatenganishe. Kuna fuwele iliyovunjika wakati wa kuchimbwa ikarudishwa palepale ilipoota, kwa gundi. Hilo ni tengenezo la kweli na wakusanyaji wengi wanalikubali. Turmalini ndefu za Brazil na Afghanistan, kwa mfano, nyingi hukutwa zimeshavunjika ndani ya tundu lake, yaani uwazi ndani ya mwamba zilimoota, maana ardhi ilitikisika zamani kabla binadamu hajafika. Mafundi huzilinganisha kipande kwa kipande mpaka zishikane. Kuna kujaza: kona iliyopotea inatengenezwa upya kwa rezini iliyotiwa rangi. Hapo tayari sehemu ya unachokitazama si madini, na bei lazima ishuke. Halafu kuna kubandika, yaani fuwele ya tundu moja kuwekwa juu ya mwamba wa tundu jingine, au hata wa mgodi mwingine, ili kipatikane kipande ambacho ardhi haikukitengeneza. Kipande chako, kwa maelezo uliyoyatoa, ni cha aina hii ya mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu ya zile kwatzi zisizoigusa floriti. Fuwele zinazoota pamoja ndani ya tundu dogo hubanana kama meno kwenye ufizi. Iliyotangulia humzuia mwenzake, anayefuata hujipinda au hukomea ubavuni, na ukiziachanisha kila moja inabaki na alama ya jirani yake. Floriti iliyoota juu ya kwatzi ingekuwa imezimeza baadhi ya ncha, au ingekuwa na vishimo vya pembe sita upande wa chini pale ncha hizo zilipoingia. Mwanya mtupu kuizunguka pande zote, uliojazwa gundi na vumbi la mwamba, una maana moja tu. Na lile vumbi ndilo linalonikera zaidi. Anayerudisha fuwele mahali pake hahitaji kunyunyizia chochote, kwa kuwa kiungo kinafungika chenyewe. Vumbi huwekwa ili jicho lisione.

Kama kingo za chini zinaonekana, zitazame tena kwa lenzi ya sonara, ya kukuza mara 10. Floriti ina tabia ya kupasuka kwa kufuata bapa zake nne, ndiyo maana mchemraba ukigongwa kona hutoka pembetatu laini inayong'aa. Ukiona chini ya mchemraba wako bapa la namna hiyo, limelala mshazari, ujue ulibanduliwa kwenye kitako chake cha kwanza. Ukiona uso wa chini umekamilika kabisa, wenye mng'aro uleule wa nyuso za juu, basi haukuwa umeshikamana na mwamba upande huo. Vyovyote utakavyokuta, piga picha.

Hadhari moja kuhusu tochi. Floriti nyingi hung'aa zenyewe chini ya urujuanimno, na kalsiti iliyojipenyeza kati ya fuwele nayo inaweza kung'aa nyeupe. Mstari peke yake usingetosha kumshtaki mtu. Uliloliona wewe kwa lenzi, vipovu ndani ya kitu kilaini, ndilo linalofunga hoja, kwa sababu vipovu vya hewa ndani ya plastiki havioti mgodini. Yaogangxian ni mgodi wa tangsteni ulioko Hunan, na floriti pamoja na kwatzi hutoka huko kweli. Ndipo ulipo ujanja wenyewe: mchanganyiko unaaminika, lebo inaaminika, kilichotungwa ni ule muungano.

Sasa mwandikie. Usimtukane wala usimtishe. Mwambie umenunua kipande kilichoelezwa kuwa hakina marekebisho, mwekee lile jibu lake, mwekee picha za mstari, vipovu na vumbi, kisha mwombe arudishe fedha yote pamoja na gharama ya usafirishaji. Punguzo la ununuzi ujao likatae. Linakufunga kwake kwa fedha ambayo tayari ni yako. Na usikijaribu kwa asetoni. Najua utashawishika, kwa kuwa asetoni hulainisha gundi nyingi na ungepata uhakika. Lakini ukishakigusa anaweza kudai kwamba wewe ndiye uliyekiharibu. Usikifute kwa kitambaa kikavu pia. Kwa kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812 floriti ina ugumu wa 4 na kwatzi 7, na vumbi la nyumbani huwa na chembe za kwatzi, kwa hiyo kila unapofuta unaikwaruza. Kiweke kwenye sanduku, mbali na jua, kama kilivyo.

Asiporejesha fedha, pitia njia uliyolipia, maana njia nyingi za malipo ya mtandaoni zina utaratibu wa malalamiko wenye muda maalumu. Angalia muda huo leo, kabla hamjaandikiana zaidi.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako wa kukiuza kimyakimya, siukubali. Akinunua mwingine atakuwa na kitu kilekile mkononi, na atakayemuuliza habari zake ataelekezwa kwako. Dunia ya wakusanyaji ni ndogo na kipande kikubwa hakisahauliki. Ikishindikana kabisa kurudisha, kiuze kwa kuandika waziwazi: floriti imebandikwa juu ya kwatzi. Yuko atakayekitaka kwa bei ya pambo.

Ukinunua kwa picha tena, omba picha ya kitako na ya mgongo, na video fupi ya kipande kikizungushwa kwenye mwanga wa mchana. Omba kionekane mkononi, kwa kuwa bila mkono au rula fuwele ya sentimeta 1 inaweza kuonekana kama ngumi. Iogope picha iliyomulikwa kwa nyuma tu. Na usiulize "kina marekebisho?" peke yake. Uliza: kuna gundi, kujazwa, kupakwa mafuta, kupashwa moto, kupigwa mionzi au kutiwa rangi? Neno moja la jumla linampa mtu nafasi ya kuponyoka, orodha haimpi.

Hivyo vyote vipo sokoni. Amethisti ikipashwa moto hugeuka njano au rangi ya chungwa, na matawi mengi yanayouzwa kwa jina la sitrini, yaani kwatzi ya njano, yenye ncha za chungwa iliyoungua na kitako cheupe, ni amethisti iliyopita tanuruni. Kwatzi safi hupigwa mionzi ikawa nyeusi. Mrututu huoteshwa kwenye maji kwa siku chache, ukabandikwa kwenye mwamba na kuuzwa kama kalkantiti, yaani mrututu wa asili, ya mgodini. Rangi yake ya buluu ni ya kupendeza mno, lakini ni sumu, na unyevu tu wa hewa huiharibu. Shabu nayo hutiwa rangi na kuoteshwa ndani ya magamba ya mawe. Fuwele kubwa za zinsaiti za rangi ya chungwa na kijani, nyingi zilijiunda kwenye mabomba ya viwanda vya kuyeyushia zinki huko Poland. Hizi za mwisho mimi naziona nzuri na sina ugomvi na anayezikusanya, mradi lebo iseme kiwanda.

Tanzanaiti inastahili neno lake. Ilianza kujulikana mwaka 1967 huko Merelani, na karibu zote zinazochongwa hupashwa moto ili rangi ya kahawia iondoke zibaki buluu na zambarau. Kwa sonara hilo si kosa. Kwa mkusanyaji wa fuwele ni jambo kubwa, kwa sababu siku hizi fuwele nzima nazo hutiwa motoni kisha zikauzwa kama zilivyotoka. Izungushe mbele ya mwanga. Isiyopashwa moto kwa kawaida huonyesha rangi tatu, buluu, zambarau, na ya tatu ya kahawia au nyekundu iliyofifia ukiitazama upande mmoja. Ikishapashwa, ile ya tatu hutoweka.

Nije kwenye lebo, ambalo mwenyewe umelitaja kwa kupitia tu. Kwangu hilo ni zito kuliko gundi. Floriti utarudishiwa fedha zake. Jiwe lisilojulikana lilikotoka hakuna wa kulirudishia kwao.

Nikupe mfano wa dioptasi, ile ya kijani kibichi chenye kina. Mwishoni mwa karne ya 18 fuwele za Altyn-Tyube, katika nchi inayoitwa leo Kazakhstan, zilidhaniwa kuwa zumaridi, mpaka René Just Haüy alipozitambua kuwa madini mengine mwaka 1797. Dioptasi nzuri hutoka Kongo pia, na nyingine bora kabisa zilitoka Tsumeb, Namibia, mgodi uliofungwa mwaka 1996 baada ya kutoa aina zaidi ya 200 za madini. Weka mezani tatu zisizo na lebo. Mtu mwenye uzoefu anaweza kubahatisha kwa kuangalia kitako na madini yaliyofuatana nayo, lakini bahati nasibu si ushahidi. Ile ya Tsumeb ikipoteza karatasi yake haiwezi kuthibitishwa tena, na mgodi umeshafungwa.

Kwa hiyo usiguse bahasha hiyo ukiwa na haraka. Kusanya kwanza picha zote za zamani za kabati lako, hata zile ambazo mawe yanaonekana kwa mbali nyuma ya watu. Pitia ujumbe wote uliowahi kuandikiana na wauzaji. Mara nyingi picha ya jiwe na jina la mgodi vimekaa pamoja humo. Tafuta risiti. Zile utakazozilinganisha kwa uhakika, zirudishe. Zile ambazo unadhani tu, andika unachodhani na kwa nini unadhani hivyo, na uweke alama ya kuuliza. Zilizobaki andika "mahali hapajulikani", hata kama roho itauma. Usilipe jiwe jina la mgodi maarufu kwa sababu linafanana na la kwenye picha. Hapo utakuwa unafanya kwa wino alichofanya yule muuzaji kwa gundi.

Kisha fanya wanavyofanya kwenye majumba ya makumbusho. Paka doa dogo la rangi nyeupe kwenye kitako, mahali pasipo na fuwele, likikauka andika namba kwa wino mweusi usiofutika, na namba hiyohiyo iingie kwenye daftari pamoja na jina la madini, mgodi, wilaya, nchi, umenunua kwa nani na lini, na marekebisho uliyoambiwa. Lebo za zamani usizitupe hata zikiwa na makosa. Iandike yako, uiweke pamoja na ile. Mwandiko wa mkusanyaji aliyetangulia ni sehemu ya historia ya kipande, na anayekuja kununua baadaye anaweza kukipa thamani kwa huo tu.

Nani amwambie mume wako ukweli kama si wewe? Mwambie ni starehe. Kununua ni rahisi, kuuza kunahitaji umpate mtu anayelitaka jiwe lilelile, na mfanyabiashara akilichukua lazima abakishe chake. Likifunguliwa tundu jipya mahali fulani, kilichokuwa adimu kinajaa sokoni. Wapo waliopata faida, lakini ni watu waliokaa ndani ya mambo haya kwa muda mrefu na wenye uwezo wa kungoja. Kaeni pamoja mkubaliane kiasi, na kiasi hicho kitoke kwenye fedha ambayo ikiisha hakuna kinachosimama nyumbani.

Vile vidogo usiviuze vyote. Nasema hivyo kwa msimamo: kati ya kipande kikubwa chenye ncha zilizovunjika na kidogo kilichokamilika, mimi nachukua kidogo. Kuna wakusanyaji wa kiwango cha juu ambao maisha yao yote hununua vipande vinavyoingia kwenye kisanduku cha sentimeta 2.5 kila upande na si zaidi, na wengine hukusanya fuwele za kutazamwa kwa darubini tu. Viweke vyako mezani mchana, chukua lenzi, ukague kimoja kimoja: ncha zimekamilika? Nyuso zinang'aa? Fuwele inasimama wazi au imezama kwenye mwamba? Kama pana pigo, liko pembeni au mbele kabisa, pale jicho linapotua kwanza? Vile ambavyo macho yako yameshavipita, viuze, uvieleze kwa ukweli. Lakini piriti au amethisti iliyokufanya uanze, hata ikiwa na kasoro, sioni sababu ya kuitoa.

Amethisti haitarudi rangi yake kwa kuiondoa dirishani, ila haitaendelea kupauka. Rangi ile hutokana na chuma kilichomo ndani pamoja na mionzi ya asili ya miamba, na jua huifuta taratibu. Kunziti hupauka vilevile, na baadhi ya floriti za kijani, za Weardale nchini Uingereza zikiwemo. Realgari ndiyo ya kuilinda zaidi. Ukiiacha mwangani, wekundu wake hugeuka unga wa manjano na kipande kinameguka chote; nayo ina aseniki, kwa hiyo nawa mikono kila ukiishika. Ziweke hizi kwenye droo.

Na piriti zako zikague harufu. Ukifungua kabati ukasikia ukali kama wa kiberiti, au ukaona unga mweupe au wa manjano pembeni mwa jiwe, itoe hiyo siku hiyohiyo uitenge peke yake mahali pakavu. Inaoza kwa unyevu, inatoa asidi, na asidi hiyo hula sanduku, rafu na karatasi iliyo chini yake. Lebo ulizobakiza zisiwe chini ya piriti.

Muuzaji akijibu, niandikie. Nitumie na picha ya kitako cha floriti kabla hujakifunga kwa safari.